Msomaji wa Karatasi za Kroshia

Nyinyi mnaobaki pale karakanani, ghorofani katika soko la Kikuubo, hamjaniacha nipumue tangu siku mliyonikatia keki ya kuniaga. Mnataka niandike "yale mambo". Haya, naandika. Kama mnatafuta habari za nani alipewa cheo na nani alilipwa vipi, mtafuteni mwandishi mwingine. Mambo hayo yalinipita wakati yanatokea, na sioni kwa nini niyakimbilie sasa nikiwa na magoti haya. Nitaandika juu ya karatasi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa msomaji wa karatasi za kroshia, na nilikuwa msomaji mzuri sana. Mtu akistaafu haruhusiwi kujisifu, basi na anifuate nyumbani Kibuli aje kunikataza.

Nilifika kazini nikiwa najua kufuma, na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu la kwanza. Mama yangu alinifundisha kama wanawake wengi wa Kinubi wanavyofundisha binti zao: kaa hapa, tazama mkono wangu, fanya. Hakuna karatasi, hakuna maelezo, na ukiuliza sana unapewa vyombo ukaoshe. Kwa hiyo nilipopanda zile ngazi siku ya kwanza, nikiwapisha vijana waliobeba magunia ya sukari migongoni, nilijiona fundi aliyekamilika.

Mwenye karakana alikuwa Bi Hadija. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani zamani hizo, wakafungua duka la nyuzi, na duka halikuwahi kufungwa. Yeye aliuza nyuzi chini, na juu aliweka wanawake wanaofuma vitambaa, shuka, mashali na kofia za watoto kwa oda. Wateja walileta picha na maelekezo waliyoyakata kwenye majarida ya Kizungu, na miaka ya karibuni wakaanza kuyachapa kutoka kwenye mtandao. Maelekezo hayo ndiyo tuliyoyaita karatasi. Bi Hadija alinikabidhi moja, ya kitambaa cha meza cha duara, akanipa uzi na sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoana, akasema, "Fanya ilichosema."

Kiingereza nilikijua. Nikasoma mstari wa kwanza, nikatabasamu, mkono ukajua njia, karatasi nikaikalia. Kufika jioni nilikuwa nimefuma kitu kilichojikunja pembeni kote kama kabichi. Bi Hadija alikichukua, akakivaa kichwani juu ya mtandio wake, akatembea nacho chumba kizima akisalimia watu.

"Niliagiza kitambaa cha meza," alisema. "Mwanangu huyu kanifumia taji."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Halafu akaja kukaa kando yangu, na kile kitu bado kiko kichwani.

"Karatasi imesema uongeze mishono wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na wewe umeongeza wapi?"

"Kila mahali, Bi Hadija."

"Kwa nini?"

"Mama huongeza hivyo."

"Mamako yuko hapa?"

"Hapana."

"Basi kesho usimlete kazini."

Alikuwa mkali, na ulimi wake ungeweza kumenya ndizi, lakini mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: kila ninachokijua kilianzia kwenye taji lile. Ni yeye aliyeweka sheria ambayo mnailalamikia mpaka leo, kwamba msomaji hashiki sindano. Anayesoma anaweka mikono mapajani. Anayefuma hatazami karatasi. Mkono una kiburi, alisema. Ukiupa sindano wakati macho yanasoma, utafanya ulichozoea halafu utayaambia macho yakubali. Watenganishe hao wawili, ndipo utajua karatasi imesema nini hasa.

Basi nikawa msomaji. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo nikatamka Kiswahili, na wanawake wakajibu kwa kurudia neno la mwisho kila mshono ulipokaa. Kiswahili ndicho kilichotuweka chumba kimoja. Furaha alitoka Bukavu, Akinyi Kisumu, Kevina alitoka Masaka, na sisi Wanubi tulikuwa wawili watatu. Kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika mahali pake. Kevina aliniambia baadaye kwamba kwao alikizoea kwenye vizuizi vya barabarani tu, kwa hiyo kila nilipotamka "rudia" moyo wake uliruka akidhani askari anataka kitambulisho.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Sindano za dukani zilikuwepo, ila nzuri kuliko zote zilikuwa zile alizozichonga fundi mmoja wa Katwe kutoka kwenye waya za magurudumu ya baiskeli, akizisugua mpaka zikateleza kwenye uzi bila kuukwangua. Kila mwanamke alizungushia yake kitambaa au mpira mahali pa kushikia, na hakumwazima mtu. Mimi nilikuwa na rula, pini, kioo cha kukuzia maandishi, na kopo la vipande vya nyuzi za rangi. Rangi nyekundu mzunguko unapoanza, ya kijani mahali pa kuongeza. Leo mnauziwa vibanio vya plastiki vya kazi hiyohiyo, vizuri sana, vinapotea siku hiyohiyo.

Karatasi, wanangu, hazisemi uongo. Zinaruka mambo. Anayeandika maelekezo ameshafuma kitu chake na kukimaliza, amekaa kitandani anakumbuka, na mtu anayekumbuka haoni tena shimo alilokwisha kuliruka. Ataandika "endelea hivyo hivyo" na hatakwambia mpaka wapi. Furaha alifuma shali ya mteja wa Ntinda kwa karatasi ya namna hiyo nikiwa mgonjwa nyumbani. Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya kiti, shali imetoka mapajani, imepita sakafuni, inaelekea mlangoni.

"Furaha, unafanya nini?"

"Karatasi inasema niendelee, Mama Rashidi. Mimi naendelea tu."

"Na ungeendelea mpaka lini?"

"Mpaka urudi."

Tuliikata tukapata mashali mawili na skafu ya mtoto, na mteja alirudi kuagiza nyingine. Ndipo nilipoanza desturi ya kusoma karatasi yote mpaka chini kabla ya mtu kugusa uzi, kisha kufuma kipande kidogo cha majaribio na kukiweka juu ya picha. Maneno yakigombana na picha, iamini picha kwanza. Wamarekani na Waingereza hawajakubaliana hata majina ya mishono, mshono mfupi wa huyu ni mwingine kwa yule, na karatasi haikwambii aliyeiandika kazaliwa wapi. Urefu wa mshono kwenye picha hauna uraia. Uupime kwa rula uendelee na kazi.

Bi Hadija alipofariki karakana ikawa ya binti zake, nami nikabaki na kiti cha msomaji karibu na dirisha. Simu zikaja na video zake. Mlianza kunionea huruma kidogo, niliona. Lakini video haipimi picha wala haioni kitambaa chako kinakunjamana wapi, na kila ilipowashinda mliiweka simu kifudifudi mkaniita. Sikuwahi kuwaambia jinsi nilivyofurahi. Nawaambia leo: nilifurahi sana.

Sasa nije kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mnayoitaka.

Asubuhi moja wanawake wawili kutoka Luzira, upande wa Port Bell, walipanda ngazi na furushi. Mkubwa alikuwa Senga Mastula, na senga kwao ni shangazi. Mdogo alikuwa Shamimu, binti wa marehemu kaka yake, naye alikuwa mchumba wa mtu. Harusi ilikuwa imeshabisha hodi. Walifungua furushi mezani kwangu, na wenzangu wakaacha sindano wakasogea.

Ilikuwa shuka ya kitanda, nyeupe, ya uzi mwembamba. Katikati lilianza ua moja, na ua hilo lilikua likitanuka kwa mizunguko mpaka likawa shuka yenyewe, majani yake yote yamepinda upande mmoja kama mapanga ya pangaboi. Sijawahi kuona mkono mtulivu namna ile. Lakini ukingo ulikuwa haujafika. Mizunguko ya mwisho ilikosekana, na uzi ulikuwa unaning'inia.

"Jjajja wangu ndiyo alifanya," Shamimu alisema, akimaanisha bibi yake. "Mama yangu alikufa mimi bado mtoto, jjajja akanilea. Hii shuka alianza siku nilimaliza shule. Alisema ni ya kitanda yangu ya harusi, na mtu asiguse. Sasa alikufa, ikabaki hii kidogo."

"Mnataka tuimalizie."

"Nataka yeye awe kwenye harusi yangu," alisema. "Sio picha yake. Yeye."

Senga Mastula akanieleza yaliyobaki. Katika familia yao na ya bwana harusi kuna desturi: siku ya kutandika kitanda cha maharusi, wanawake wa upande wa mume huja kuangalia, na jambo la kwanza wanalofanya ni kugeuza shuka. Uso wa kitambaa unaonyeshwa wageni. Mgongo wake ndio unaosema ni mkono wa nani. Kila mtu Luzira alijua marehemu Hajati, ndiye huyo jjajja, alikuwa anamfumia mjukuu wake shuka. Na tayari kulikuwa na maneno kwamba hakuimaliza, kwamba binti ataingia na kitu cha kununua. Mafundi wawili walikuwa wameshajaribu. Kazi zao zilionekana kutoka mlangoni, mstari umezunguka shuka nzima kama kovu, ikabidi zifumuliwe. Wa pili alishauri wakate, waishonee lesi pembeni. Shamimu alikuwa amelia siku nzima.

Karatasi ya Hajati ilikuwepo ndani ya furushi, imechakaa kwenye mikunjo, na picha ya ua lile juu yake.

"Acheni hapa," nikasema.

Kevina alinitazama kama mtu aliyesikia nimenunua kiwanja katikati ya ziwa.

Tukaanza. Mimi mikono mapajani, Kevina na sindano. Nilisoma mzunguko ulipoishia, akafuma kidogo. Mishono ya Hajati ilikuwa imelalia upande mmoja, yetu ikalalia mwingine, na jani lililokuwa likipinda vizuri likavunjika katikati ya safari, likageuka kurudi lilikotoka. Fumua. Nikafikiri Hajati alifuma upande wa pili wa kitambaa. Tukaigeuza. Sasa jani likaendelea vizuri kabisa na mishono ikalala sawa na yake, nikapumua. Lakini tulipoirudisha uso juu, ilionekana migongo ya mishono yetu, vijiti vidogo vimekatiza mahali ambapo kwake palikuwa laini. Fumua tena. Nikajaribu kusoma mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hilo sitalieleza, maana hata Furaha aliona aibu kwa niaba yangu.

"Mama Rashidi," alisema, "hii karatasi ni ya mchawi. Tuchome."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu, tena kubwa. Ukiipindua njia hii unapata sura ya jani, unakosa mgongo. Ukiipindua njia ile unapata mgongo, unakosa sura. Sikuwahi kukutana na kitambaa kilichokataa pande zote mbili. Akilini nilimwona yule binti mbele ya wale wanawake, na wao wanageuza shuka. Usingizi ulinipa talaka.

Siku iliyofuata jua lilikuwa limepiga dirisha langu. Nikainua karatasi kuelekea kioo nione kama kuna maandishi yaliyofutika, kwa bahati nikaishika kinyume, nikawa naona picha kwa nyuma ya karatasi. Na lile ua, kwa nyuma, lilikuwa ua la Hajati. Jani kwa jani. Nikaigeuza: majani yanapinda kwa upande mwingine. Nikaigeuza tena. Chini yangu kulikuwa na shuka, juu dirishani kulikuwa na picha, na ilikuwa kama mtu na kioo chake.

Siku mbili nzima nilikuwa nimeitazama picha na shuka pamoja, sikuona, kwa sababu ua linalozunguka ni ua linalozunguka. Sasa nikajiuliza swali la kijinga. Karatasi moja, maneno yaleyale, nani anayeweza kuyafuata yote bila kosa akatoa kitu kilichogeuka? Nikatazama mikono ya wanawake wote mle ndani. Sindano zote zilikuwa mkono wa kulia, na kazi zote zilikuwa zinakwenda upande mmoja.

Nikampigia Senga Mastula simu waje.

Hapa niseme jambo moja kwa mtakaokuja kukaa kwenye kile kiti: kupata jibu ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kulisema. Nilimkaribisha senga, nikampa chai, nikasema taratibu, "Senga, samahani kwa swali. Marehemu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto?"

Akaweka kikombe chini.

"Mama yetu?"

"Ndiyo, senga."

"Hajati? Yule alitufundisha adabu sisi wote? Mama Rashidi, wewe ni Mnubi, Mwislamu mwenzetu, unajua vile unasema. Watu wa kushoto siku ya kiama ni watu gani?" Alikuwa ameshasimama anakunja shuka. "Mimi nilishika kijiko na kushoto mara moja tu, alinichapa na mwiko. Mara moja! Shamimu, twende."

"Senga, ngoja," Shamimu akasema. Alikuwa hajakaa wala hajasimama. "Wewe uliwahi kuona jjajja anafuma?"

"Kila siku alikuwa anafuma!"

"Ulimwona?"

Senga akaiacha shuka nusu imekunjwa.

"Alikuwa anafunga mlango," Shamimu akaendelea. "Mimi nililala chumba yake miaka yote, na akitaka kufuma ananituma dukani. Akisikia mtu, anaweka chini. Nilifikiri anaficha zawadi."

Nikakumbuka furushi. Sindano ya Hajati ilikuwa humo bado, imeviringishwa kitambaa kigumu mahali pa kushikia, na kitambaa kile kilikuwa kimebonyea kwa miaka ya dole gumba na kidole kimoja kando. Nilikuwa nimeisogeza pembeni mara ngapi sijui, kwa kuwa sindano ya mtu haiazimwi. Nikampa senga, kwa mkono wa kulia. Akaishika kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vilikaa juu ya matuta, havikupata mashimo. Akaizungusha, ikakataa. Kisha polepole, akitazama mlango kwanza kama mtoto anayeiba sukari, akaihamishia kushoto.

Dole gumba likazama mahali pake.

Senga Mastula alikaa chini. Ile sindano imo mkononi, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka vilevile.

"Na mwiko!" alisema. "Alinichapa na mwiko, huyu mwanamke! Mkono yake mwenyewe!"

Nilisema pale na narudia hapa: dini imetuelekeza habari za kula na kupeana. Juu ya kroshia haikutukataza kitu. Lakini Hajati aliishi na watu, na watu hawasomi mpaka chini.

Sasa nilihitaji mkono. Nikasimama katikati ya karakana nikauliza, "Nani hapa ni wa kushoto?"

Akinyi akatazama dari. Nikauliza tena, nikaeleza ni kwa ajili ya shuka. Ndipo Kevina, ambaye nilikuwa namtazama akifuma mbele ya macho yangu tangu magoti yangu yalipokuwa mazima, akainua mkono. Aliinua wa kulia, kwa adabu.

"Mimi, nnyabo," alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita mama kwa heshima.

"Kevina! Wewe unafuma kwa kulia!"

"Hapa nafuma na kulia. Nyumbani nafanyia watoto sweta na hii ingine." Alikuwa anaangalia sakafu. "Shuleni mwalimu alinifunga hii mkono na kamba kwa dawati. Nikazoea. Nilifikiri mkiona mtanifukuza."

Nikamwambia akae kwenye kiti changu, mahali penye mwanga, nikaketi mbele yake uso kwa uso. Senga mwenyewe akampa ile sindano. Mzunguko wa kwanza mkono ulikaza kwa woga, tukaufumua. Wa pili vilevile. Furaha akaanza kuimba wimbo wa kwao, hauna uhusiano na kitu chochote, na mabega ya Kevina yakashuka. Nikasoma. Akafuma. Mshono wa kwanza ukalala juu ya wa Hajati, upande uleule, mgongo kwa mgongo, na jani likaendelea kupinda kana kwamba halikuwahi kusimama.

Sikubadilisha neno hata moja la karatasi ile. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya nitembee kifua mbele mpaka sokoni. Karatasi ilikuwa sahihi kutoka juu mpaka chini. Hajati alikuwa sahihi kutoka katikati mpaka ukingoni. Wale mafundi wawili hawakukosea mshono, na sisi hatukukosea. Mafumbo yote yale yalikuwa ni mkono mmoja ambao hakuna mtu aliyethubutu kuufikiria.

"Nnyabo," Kevina aliniambia siku ya tatu, bila kuinua macho, "hii mkono iko na furaha."

Shamimu alikuja kila mchana kukaa kando yake. Hakusema mengi. Wakati mwingine aligusa mizunguko mipya kwa kidole, akarudi kwenye ya zamani, akaenda tena kwenye mipya, akashindwa kujua alipovuka.

Siku ya kutandika tulialikwa Luzira, mimi na Kevina na Furaha. Tulikaa ukutani pamoja na wanawake wa nyumba. Wale wa upande wa bwana harusi waliingia wakiwa wamejipamba, na mbele yao shangazi mkubwa, mwanamke mzee mwenye miwani minene, ambaye hata Senga Mastula alimsalimia kwa magoti. Hakutazama mapazia. Hakutazama mito. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akashika pembe ya shuka, akaigeuza.

Kevina alinishika kiganja, akakibana.

Mzee akainama. Alipitisha vidole kutoka katikati akifuata jani moja, polepole, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukingoni. Akarudi. Akafuata lingine. Akaomba taa isogezwe, ikasogezwa. Akaivuta miwani puani akatazama kwa macho yake matupu, karibu kabisa, kama anayenusa. Kule nje watoto walikuwa wanapiga kelele na hakuna aliyewanyamazisha. Hatimaye akanyooka, mkono kiunoni, akamgeukia Shamimu.

"Tuliambiwa Hajati hakumaliza."

"Alimaliza," Shamimu akasema.

"Alimaliza lini?"

"Juzi."

Mzee alimtazama yule binti kwa muda mrefu. Halafu akairudisha shuka uso juu, akainyoosha kwa kiganja mpaka ikalala bila kunyanzi hata moja.

"Basi mpe hongera," alisema. "Mwambie tumeipokea."

Senga Mastula alianza kupiga vigelegele kabla neno halijamtoka mzee mdomoni, Kevina akapokea, Furaha akapokea, na upande wa pili wakajibu mpaka mabati yakalia. Shamimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vyote viwili juu ya shuka, analia na kucheka, na mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, nikaenda kazini Jumatatu nikiongea kwa ishara, nikastaafu.